Kivuli cha Bisibisi

Chai alikuwa anainywa amesimama. Ungemvutia kigoda, ukakipangusa kwa kanga, naye angesema asante mama, kisha akaweka kikombe juu ya kigoda na mwenyewe akabaki wima, macho barabarani, kama mtu anayesubiri gari lililokwisha kumpita. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza kilichotazamana na karakana yake, hapa Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Kwa miaka yote tuliyotazamana hivyo sikumbuki kumwona ameketi zaidi ya muda wa kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa buti za jeshi. Alizipiga rangi kila asubuhi, ikifika jioni vumbi letu jekundu limeshamshinda, na kesho yake alianza upya.

Tulimwita Fundi wa Ndege, na baadaye Fundi tu. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na ukoo wake unajulikana huko Mbulu, lakini hayo ni ya watu wa kwao. Mimi ni mtu wa kuja. Nilitoka Singida nikimfuata mume aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, na ninachokijua juu ya Fundi ni kile nilichokiona nikiwa nimeinamia kitambaa. Niliona mengi. Ukiwa unashona, watu husahau kwamba una macho.

Alikuwa fundi wa umeme wa ndege za jeshi, lakini hakuwa mwanajeshi. Jambo hili alimweleza kila mtu, hata asiyeuliza. Huko kambini, alisema, walikuwapo raia wachache walioajiriwa kwa ajili ya ufundi wao. Walivaa ovaroli zisizo na cheo, wakala peke yao, wakapekuliwa getini wakiingia na wakitoka. Askari waliwaita kwa neno hilohilo: raia, njoo huku, raia, taa ya bawa haiwaki. Hakupiga saluti na hakupigiwa. Gwaride likipita, alisimama pembeni na waya mkononi akingoja lipite arudi kazini. Vita vya Kagera vilipoanza, wenzake wenye magwanda walipewa bunduki, yeye akaambiwa tu kwamba kuanzia leo hakuna kwenda nyumbani.

Nadhani hapo ndipo ulipomwanza ule ugonjwa wa kutokaa. Huku si askari, huku si raia kama sisi wengine. Sikukuu za taifa zikifika, waliorudi vitani walipangwa mstari kwenye uwanja wa shule, na mwenyekiti wa kijiji hakuchoka kumwita. "Fundi, njoo usimame na wenzako." Naye hakuchoka kujibu. "Wenzangu ni nani? Mimi raia." Halafu mgambo wakianza kupiga kwata na miguu ikipishana, ungemsikia nyuma ya umati akinong'ona kwa uchungu, "Kushoto, jamani. Kushoto."

Ukutani kwake kulikuwa na vivuli. Kambini kila chombo kilikuwa na mahali pake kwenye ubao, na mahali hapo palichorwa umbo la chombo chenyewe kwa rangi, ili kikikosekana ionekane mara moja. Umbo hilo ndilo waliloliita kivuli. Alipofungua karakana Karatu alichora ukuta mzima: kivuli cha koleo, cha nyundo, cha msumeno wa chuma, cha spana kubwa na ndogo. Hatukushangaa. Mtu anayechaji betri za Landrova na kufunga waya za mashine za kusaga anahitaji mpangilio. Tulishangaa alipohamia jikoni.

Mkewe, Mama Paskali, alikuja kibarazani kwangu siku moja akakaa bila hata kusalimia.

"Mama Neema, kanichorea mwiko."

"Kakuchorea nini?"

"Mwiko. Ukutani. Na upawa, na kisu, na chujio la chai. Anasema jioni kila kivuli kiwe na mwenyewe. Jana jirani kaazima upawa, mume wangu kaenda kuudai wenyewe wako mezani."

Nilicheka hadi nikakata sindano, na sindano siku zile hazikuwa mchezo kupatikana. Mama Paskali naye alicheka, ila alikuwa mtu aliyechoka. Aliniambia kwamba mumewe akiingia ndani huzunguka kila chumba kwanza, akigusa hiki na kile, ndipo avue koti. Akishalivua hulivaa tena na kutoka.

Karakanani, karibu na mlango, usawa wa macho, kulikuwa na kivuli kimoja ambacho hakijapata kuwa na chombo. Vingine alivichora kwa rangi nyeusi. Hicho kilikuwa cha bisibisi fupi, na mpini wake aliupaka nyekundu. Wateja waliuliza, naye aliwapa jibu lilelile. "Kitu hakipotei. Kipo mahali, ila sisi hatujafika hapo." Kisha angetoka nje, atembee hadi njia panda, arudi.

Habari ya bisibisi hiyo niliijua baadaye sana, lakini nitaisema sasa ili nawe usihangaike kama nilivyohangaika mimi.

Kambini kwao kulikuwa na desturi. Ndege ikiwa tayari kuruka, fundi aliyeitengeneza husimama mbele ya pua yake ameshika sanduku la vyombo likiwa wazi, rubani aone kule juu kwamba kila nafasi ina kitu chake. Rubani akitikisa kichwa kukubali, injini huwashwa. Fundi asiposimama na sanduku wazi, ndege hairuki, hata abiria wake awe nani. Chombo kilichosahauliwa ndani kinaweza kuangukia nyaya za usukani, au kikagusanisha nyaya mbili za umeme, na huko juu hakuna pembeni pa kuegesha.

Asubuhi moja wakati wa vita, ndege ilitakiwa kwenda kuchukua majeruhi kwenye kiwanja kidogo karibu na mpaka. Fundi alikuwa ametengeneza taa za mbele ya rubani. Alipofungua sanduku, bisibisi fupi ya mpini mwekundu haikuwamo. Akakataa kusimama. Afisa akamwamuru; akajibu kwamba yeye ni raia, wamfukuze wakitaka, lakini hasimami. Wakafungua vifuniko, wakainua sakafu, wakapiga magoti kwenye nyasi za kiwanja, wasiione. Jua lilipopinduka, fundi mwingine, askari, aliamriwa asimame na sanduku lake mwenyewe lililokamilika. Ndege ikaruka, ikarudi salama. Ilirudi na majeruhi wote isipokuwa kijana mmoja aliyekata roho mchana uleule, kwenye machela, wenzake wakitazama angani.

Hakuna aliyemfukuza Fundi. Vita vilipokwisha aliambiwa tu kwamba kazi za raia zimepungua. Ila wapo waliosema kwamba bisibisi aliiangusha njiani mwenyewe kwa uzembe, akaisingizia ndege. Hilo ndilo lililomtafuna. Kama bisibisi ilikuwamo ndani ya ndege, alifanya kazi yake sawasawa. Kama haikuwamo, kijana wa watu alikufa akimngoja yeye bure. Alitaka kujua hilo tu, na hakukuwa na wa kumwambia.

Sasa unielewe nikisema habari ya lori. Tulikuwa tunakwenda Loliondo, mimi na mizigo yangu ya magauni kwa ajili ya mnada, yeye ameitwa kutengeneza redio ya zahanati. Tulipofika juu, ukingoni mwa kreta, ukungu ukashuka hadi humwoni jirani yako, na hapohapo taa za lori zikazimika. Fundi akashuka, akafungua boneti, akashikashika, taa zikawaka. Watu wakampigia makofi. Dereva akawasha injini. Fundi hakupanda. Alikwenda akasimama mbele ya lori, kwenye mwanga wa taa zake mwenyewe, sanduku mikononi likiwa wazi.

"Koleo halipo," akasema.

"Fundi, panda twende," dereva akamwambia. "Hii ni lori, si ndege."

"Lori halianguki?"

Kulia kwetu msitu ulikuwa unateremka ndani ya ukungu, na chini yake hatukuona kitu. Tukashuka sote kwa baridi ile, tukapapasa matope, tukakung'uta magunia, watu wakitukana kwa lugha za nyumbani kwao. Mzee mmoja wa Kimaasai, amejifunika rubega hadi puani, aliuliza kwa upole, "Hiyo chuma yako iko na ndama tumboni?" Lori zima likacheka, Fundi hakucheka. Mwishowe koleo lilipatikana kwenye mfuko wa koti la dereva. Alikuwa amelichukua kufungulia soda. Fundi alilipangusa, akalirudisha mahali pake, akasimama tena mbele ya lori na sanduku wazi hadi dereva, kwa hasira, akatikisa kichwa. Ndipo akapanda. Njia nzima ya mbuga alikuwa amesimama ameshika chuma cha bodi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na mimi nilimtania kwayo bila huruma. Nyumba za watu aliziwekea taa, hata kanisani aliwafungia ile mashine yao ya umeme, lakini kwake walitumia koroboi. "Umeme ni wa kazini," alisema. Angekupa shati lake la mwilini, lakini ukimwomba spana kwa dakika mbili anakufuata hadi kwako akusimamie. Aliimba sauti ya chini kwenye kwaya, nzuri kweli, na kabla ya baraka ya mwisho alikuwa ameshatoka kwenda kuangalia kitu ambacho hakuna aliyekijua.

Na ndege hakuzitazama. Vindege vidogo vilipita juu yetu, vya watalii na vya madaktari, vikielekea kreta au Endulen. Watoto walikimbia barabarani wakipunga mikono, na sisi watu wazima tulikinga macho kwa viganja tutazame. Yeye aliinamisha uso, mkono ukapapasa mfuko wa kifuani, akakaa hivyo hadi mlio upotee. Mara moja nilimuuliza kama zamani alizipenda. Akaniambia, "Sana." Halafu akaenda njia panda.

Kulikuwa na tabia yake nyingine ambayo niliichukia kabla sijajua inatoka wapi. Alikuwa akisikia kuna nyumba iliyopoteza mtu vitani, hata kama ni miaka imepita, atakwenda. Atatoa pole kama watu wengine, halafu atauliza: alifia wapi? Ilikuwa asubuhi au mchana? Alikuwa anasubiri kuchukuliwa? Watu hawakupenda. Walianza kusema kwamba mtu yule ni usalama, ametumwa, na kilabuni akiingia mazungumzo yakageuka kuwa ya mvua na mahindi. Aliyajua hayo, na bado aliendelea kuuliza. Alitembea hadi Rhotia, akatembea hadi Mbulumbulu, kwa ajili ya swali hilo.

Siku yangu ikafika. Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa mwisho, mtoto niliyembeba mgongoni mwenyewe, akaenda vitani na hakurudi. Kwa kuwa alizikwa mbali na Karatu, watu wengi hapa hawakujua. Fundi alijua kwa kuona picha yake niliyoibandika juu ya cherehani. Akavuka barabara, akasimama.

"Pole sana, Mama Neema. Sikuwa na habari."

"Asante. Tumeshapoa."

"Alifia wapi?"

"Njiani. Lori lao lilipinduka wakienda Bukoba."

"Si kwenye kiwanja cha ndege?"

"Fundi, nimekwambia lori."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka. "Afadhali," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Afadhali nini?"

Nikainuka na mkasi mkononi, nikamwambia aondoke kibarazani kwangu, aondoke upesi kabla sijamchorea kivuli chake hapo chini. Nilimchukia kwa moyo wote, na nilivyokuwa nakaa mbele yake kutwa, kumchukia ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Alikuwa anapita upande wa pili wa barabara, anainua mkono, mimi nakanyaga cherehani.

Ni Mama Paskali aliyenisimulia yote, tukiwa kwenye foleni ya sabuni mbele ya duka la ushirika. Foleni ilikuwa ndefu na sabuni zilikwisha kabla hatujafika dirishani, kwa hiyo alipata nafasi ya kuyamaliza. "Anamtafuta yule kijana," akasema. "Hakuambiwa jina lake wala kwao. Kila mfiwa akisema alifia kwingine, yeye anapata kulala siku hiyo. Ni vibaya, najua. Lakini ndiyo siku pekee ninayoona amelala." Nilirudi nyumbani nimekasirika zaidi kuliko nilivyokwenda, sasa sijui nimkasirikie nani.

Kesho yake nilimpelekea chai. Akaipokea, akaweka kikombe juu ya kigoda kama kawaida yake.

"Niliposema lile neno," akaanza, "nilikuwa najisemea mimi, si mdogo wako."

"Najua."

"Ndiyo vibaya zaidi."

"Kunywa chai, Fundi."

Akanywa, amesimama, nami nikarudi kwenye kazi yangu. Tangu hapo chai ya saa nne ilikuwa yangu kumpelekea. Nilimbembeleza akae, nikamtukana akae, nikamletea hadi kiti chenye mgongo kilichokuwa cha marehemu mume wangu. Alikitumia kuwekea betri.

Miaka ile ilikwenda hivyo. Sukari ikapotea, ikarudi. Barabara ya Ngorongoro ilikuwa imepoa mpaka unaweza kuanika mahindi katikati, kisha kidogo kidogo magari ya watalii yakaanza kuonekana tena, na vijana wetu wakajifunza kupunga mkono kwa Kiingereza. Fundi aliota mvi. Watoto wake waliondoka na Mama Paskali akapata kisukari. Vivuli vya jikoni vilififia kwa moshi, lakini vya karakanani alivipaka rangi upya kila baada ya mvua za masika, na kile chekundu akakipaka kwanza.

Mchana mmoja, nami nimekaa na gauni la bibi harusi, Landrova ya watalii ikasimama mbele ya karakana. Dereva akashuka, mtu wa makamo, tumbo limeanza, mwenye adabu. "Shikamoo mzee. Betri inakata moto, naona vishikio vimelegea. Nina wageni, na geti la Ngorongoro litafungwa." Fundi akaitikia, akageuka kuchukua spana ukutani. Dereva naye, kwa haraka zake, akatoa kwenye mfuko wa mlango wa gari bisibisi ndogo na kuanza kufungua mfuniko wa betri mwenyewe.

Nikaacha kukanyaga. Mpini ulikuwa umechakaa, lakini kule karibu na shingo, mahali kidole kisipofika, palikuwa pamebaki rangi nyekundu.

Fundi aliiona. Alisimama na spana mkononi muda mrefu hadi dereva akainua kichwa.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Hii? Ya zamani, mzee. Nilikuwa jeshini, karakana ya ndege. Tulikuwa tunafumua ndege moja iliyochoka, tutoe vipuri. Nikaikuta chini ya sakafu kwa rubani. Sijui ya nani. Nikaona nzuri, nikabaki nayo."

"Upande gani?"

"Kulia. Nyuma ya mafungu ya nyaya."

"Kulia tulipatazama," Fundi akasema.

Dereva akacheka kidogo, hajui anachekea nini. "Msingeiona, mzee. Ilikuwa imebanwa katikati ya bati mbili. Nilitumia koleo kuing'oa."

"Ilikuwa imebanwa."

"Hata ukitikisa haitikisiki. Hiyo ndege imeruka nayo mpaka imezeeka. Haikuwahi kusumbua hata siku moja."

Alilisema hilo kama mtu anayesifia chombo kizuri. Wageni wake ndani ya gari walikuwa wakila ndizi. Mimi nilikuwa nimeshavuka barabara bila kujua nimevuka, gauni la watu mkononi.

"Niazime," Fundi akasema.

Akaichukua, akaenda nayo mlangoni, akaiweka juu ya kile kivuli chekundu. Haikuenea. Kivuli kilikuwa kirefu kuliko bisibisi kwa karibu kidole kizima, na mpini aliouchora ulikuwa mnene, wa kushikwa na jitu. Akaisogeza juu, akaisogeza chini. Sisi wote tuliopita mlango ule tulikuwa tumetazama kivuli cha kitu ambacho hakikuwapo.

"Niliichora kubwa," akasema.

Akanyoosha mkono bila kugeuka. "Mama Neema, nipe chaki yako." Nikampa chaki ya kukatia vitambaa, naye akaishikiza bisibisi ukutani na kuizungushia mstari mweupe, taratibu, ndani ya ule wekundu. Alipoiondoa, kilichobaki kilikuwa kitu kidogo sana.

Akamrudishia dereva. Yule bwana akawa ameanza kuelewa kwamba kuna jambo, akasema, "Mzee, kama ni yako ichukue." Fundi akatikisa kichwa kukataa. "Kaa nayo. Funga betri yako, geti litafungwa." Akamkazia vishikio, akashusha boneti. Nilimngoja aende akasimame mbele ya gari na sanduku wazi. Dereva akawasha, akapiga honi ya shukrani, gari likaondoka na vumbi lake. Vyombo vilikuwa vimetapakaa chini, vivuli viko wazi ukutani, na Fundi akaondoa betri kwenye kile kiti cha mume wangu, akakaa.

Nilikwenda kuleta chai kwa sababu sikujua la kufanya. Akaipokea.

"Ilikuwamo," akasema.

"Nimesikia."

"Na ikaruka."

"Ulikuwa huwezi kujua kwamba imebanwa."

"Hapana. Sikuweza."

"Basi ulifanya kazi yako, Fundi. Wale waliosema uliiangusha njiani walikuwa waongo."

"Niliifanya," akakubali, kama mtu anayekubali kwamba jana mvua ilinyesha. Akazungusha kikombe mkononi. "Yule kijana angekuwa rika la huyu dereva. Angekuwa ameota tumbo."

Niliwaza mdogo wangu, nikawaza kwamba hata mimi kwa miaka ile nilikuwa na mtu wa kumlaumu, dereva wa lile lori, na sikuwahi kumwona sura. Kindege kimoja cha watalii kikaja kutoka upande wa Manyara, kikapita juu yetu kikipanda kuelekea kreta. Fundi akainua uso. Alikitazama, akakifuata kwa macho juu ya mashamba ya ngano, juu ya msitu, hadi kikamezwa na mawingu, kisha akakunywa chai yake, yote, amekaa kitako, buti zake zimejaa vumbi mbele yake.

Miaka yote nilikuwa nikimbembeleza akae. Nikapokea kikombe kitupu, nikasimama pale na gauni la bibi harusi mkononi, nikimngoja ainuke.